Hesabu ya Watu wa Likasi

"Papa, ulizaliwa mwaka gani?" msichana wa dirishani aliuliza, kalamu ikiwa tayari juu ya fomu. Mzee aliyekuwa mbele yangu kwenye mstari alinyoosha mgongo, akakaza macho ukutani, akataja namba. Haukuwa mwaka. Ilikuwa matrikuli, namba yake ya mfanyakazi katika kampuni ya migodi ya Gécamines, na aliitaja tarakimu moja baada ya nyingine bila kukwama, kwa sauti ya mtu anayejibu mwito wa zamu ya usiku. Hakuna aliyecheka. Wazee wawili waliokaa kwenye benchi walitikisa vichwa kukubali, maana nao wanazo zao na wangezitaja vilevile. Kwa miaka mingi namba ile ndiyo iliyopokea mshahara, ndiyo iliyopimiwa unga wa posho, ndiyo iliyofungua mlango wa hospitali ya Panda na kuandikisha watoto shule. Mtu alikuwa nyuma yake, akiifuata. Tangu asubuhi ile nimebaki na swali dogo lisilotaka kunitoka: sisi watu wa Likasi tu wangapi, na ni nani aliyewahi kutuhesabu kwa ajili yetu wenyewe?

Likasi iko kilomita zipatazo 120 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, juu ya vilima vya udongo mwekundu, njiani kuelekea Kolwezi. Ina komini nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Juni na Julai baridi ya alfajiri hukaza midomo, na vumbi hulala juu ya miembe mpaka majani yapoteze rangi yake. Mvua za Novemba zikianza, mitaro ya Kikula hujaa maji mekundu na watoto hutoka uchi kuyakimbiza. Mgeni akiingia mjini ataona kwanza mabomba ya moshi na vilima vya mabaki ya madini vilivyorundikwa na mikono ya watu. Karibu kila kitu hapa kimewahi kupimwa. Mawe ya Kambove yamepimwa, chokaa ya Kakontwe imepimwa, mabamba ya shaba ya Shituru yamepimwa tangu kiwanda kilipowashwa mwaka 1929, na umeme wa Mwadingusha, ulioanza kuvutwa kutoka mto Lufira mwaka 1930, ulikuwa na mita yake. Madaftari ya tani yapo, yamepangwa mwaka kwa mwaka. Daftari la watu ndilo lililochanika, na kurasa zake nyingi zimechanwa kwa makusudi.

Zamani, kabla ya madaftari yote, shaba ilifuliwa na Wasanga na majirani zao. Walingoja mavuno yaishe na ardhi ikauke, wakatoka vijijini na wake na watoto, wakachimba malakiti, jiwe la kijani ambalo macho hulitambua kabla ya mkono. Tanuri zilijengwa kwa udongo wa kichuguu, makaa yakachomwa, mivukuto ikapulizwa kwa zamu, na shaba iliyoyeyuka ikamiminwa kwenye kalibu za umbo la msalaba. Misalaba hiyo haikuhusu kanisa. Ilikuwa mahari, ilikuwa mali, ilikuwa ushuru wa mfalme, na ilisafiri mbali kuliko waliomimina. Kwenye bonde la Upemba, kaskazini kutoka hapa, waakiolojia wamekuta misalaba ya shaba makaburini, mingine imewekwa juu ya kifua cha marehemu, tangu karne nyingi kabla Mzungu wa kwanza hajaivuka Lufira. Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza ninayoijua ya nchi hii: maiti mmoja na shaba yake, wamelazwa pamoja, hakuna aliyemdai mwenzake. Baadaye Msiri alijenga ufalme wake Bunkeya, akakusanya ushuru wa shaba na pembe, mpaka tarehe 20 Desemba 1891 alipopigwa risasi na Kapteni Omer Bodson wa msafara wa Wazungu ulioongozwa na Stairs. Msafara huo ulibebwa mabegani na wapagazi kutoka Zanzibar na pwani. Kwa hiyo hata siku ile ya msiba, Kiswahili kilikuwepo, kikishusha mizigo.

Kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikasogea hadi Kambove mwaka 1913, na milima iliyokuwa ikitoa misalaba kwa msimu ikaanza kutakiwa kutoa tani bila msimu. Shaba ilikuwepo tele. Watu walikuwa wachache. Nadhani hapo ndipo ulipo mzizi wa mji huu: uliitiwa watu. Mawakala wa kuandikisha vibarua walikwenda Kasai na Lomami, wakavuka kwenda Rhodesia ya Kaskazini na Angola, wakafika Rwanda na Burundi. Waliokuja walikuja kwa mkataba wa miezi michache, wakalala kwenye vibanda vilivyojaa moshi, wakafa kwa nimonia, kwa kuhara damu, kwa homa ya matumbo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa alipewa sururu siku ya kwanza, na wengi hawakuiona ya mia. Waliopona waliondoka na blanketi na hadithi, na nafasi zao zikajazwa na wengine. Ulikuwa mji wa wapitaji, wanaume tupu, usio na bibi wa kumsimulia mtoto wala mtoto wa kusimuliwa.

Kisha kampuni ikapiga hesabu na kuona kwamba mtu anayekufa ni ghali. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikageuza mwendo: mikataba ya miaka mitatu, nyumba za matofali, ruhusa ya kuja na mke, posho ya mke, posho ya mtoto, wodi ya uzazi, maziwa ya watoto, shule ya mapadri na masista. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kampuni ikachukua kazi ya kulea, kwa nia ya kupata kibarua ambaye hangehitaji tena kufuatwa Kasai kwa sababu angezaliwa kambini, ameshazoea king'ora. Siwezi kuidharau hatua ile, maana bila yake wengi wetu tusingezaliwa. Bibi zetu walijifungulia kwenye vitanda safi, na watoto wao wakaishi. Lakini siwezi pia kuishukuru kwa moyo mweupe. Mtoto aliandikwa kwenye kitabu cha baba yake kabla ya kupewa jina na shangazi. Na mdororo wa dunia ulipoiangusha bei ya shaba mwanzoni mwa miaka ya 1930, maelfu walirudishwa makwao kwa mpigo, mji ukapungua ghafla. Ndivyo Likasi ilivyojifunza mapema kwamba wingi wa watu wake hupanda na kushuka pamoja na bei inayopangwa kwingine.

Hata hivyo, kambini kilizaliwa kitu ambacho kampuni haikukiagiza. Mluba wa Kasai alipangiwa ukuta mmoja na Mbemba, Msanga na Mlunda, Mtabwa na Mnyarwanda, na wote wakahitaji kuombana chumvi. Kiswahili chetu, ambacho ndugu wa Mombasa na Unguja wakikisikia hutabasamu kwanza kisha husogea karibu, kilikomaa kwenye bomba la maji, kwenye foleni ya posho, kwenye matanga ya usiku. Ndicho alichokiimba Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya wa mwaka 1930, aliyepiga gitaa mitaani humu kwa vidole viwili vilivyosikika kama watu wanne. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi hapa, sahani zikavuka mipaka, na vijana wa Nairobi wakajifunza gitaa kwa mkono wa mtu wa Jadotville, kama Likasi ilivyoitwa wakati huo. Hakuna takwimu ya Union Minière iliyokuwa na safu ya kuandika jambo hilo. Na hakuna safu iliyotosha Desemba 1941, vita vya dunia vilipopandisha bei za vyakula na wafanyakazi wa miji ya migodi, Jadotville ikiwemo, wakaweka vyombo chini. Kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville askari walifyatua risasi, wakamuua karani Léonard Mpoyi na makumi ya wenzake. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Kampuni iliyojua kilo za mwisho za shaba iliyotoka mwaka ule iliwaacha maiti wake kwenye ubishi.

Kilomita zipatazo 20 magharibi mwa mji ipo Shinkolobwe. Robert Rich Sharp aliukuta mwamba wake mwaka 1915, na kwa miaka kadhaa radiumu, ambayo Marie Curie na mumewe waliigundua mwaka 1898, ilitoka kwenye mawe ya huku na kupimwa kwa gramu huko Ubelgiji. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, alipeleka tani zipatazo 1,200 za madini ya urani New York, yakakaa kwenye ghala la Staten Island yakisubiri wakati wake. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima ilitoka kwenye shimo hilo. Vitabu nilivyosoma kuhusu bomu vinamtaja Sengier, vinataja tani, vinataja mapipa na meli. Waliochimba hawamo. Walikula bukari na sombe jioni, wakanawa mikono kwa maji ya bomba, wakawapakata watoto wao. Mgodi ulifungwa karibu na uhuru, lakini mashimo yalirudiwa na wachimbaji wadogo. Mwaka 2004 rais alipiga marufuku kuchimba pale, na Julai mwaka uleule ardhi ikaporomoka na kuua watu.

Septemba 1961, Katanga, mkoa huu wa migodi, ikiwa imejitenga na Kongo chini ya Moïse Tshombe na bendera yake ikiwa na misalaba mitatu ya shaba, kikosi cha Ireland cha Umoja wa Mataifa kilichoongozwa na Pat Quinlan kilizingirwa hapa kwa siku tano. Walikuwa zaidi ya 150. Waliishiwa maji na risasi, wakajisalimisha, na wote wakarudi kwao hai. Mwaka 2016 ilitoka filamu juu yao, na mwaka 2017 Ireland ikawatunuku nishani yenye jina la Jadotville, jina ambalo mji wenyewe uliliacha mwaka 1966. Nawapongeza kwa dhati, na nawaonea wivu pia. Kila mmoja wao ana jina, picha, kijiji, mama aliyemsubiri. Upande wa pili wa zile risasi palikuwa na mji mzima uliojifungia ndani na watoto chini ya vitanda, na askari wa Katanga waliokufa wakishambulia. Filamu ilipigwa Afrika Kusini. Watu wa Likasi hawakuhitajika hata kupita nyuma ya kamera.

Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika Julai 1984. Mji ulikuwa na watu karibu laki mbili. Ilikuwa miaka ya neema, au iliyobaki ya neema: Union Minière ilikuwa imetaifishwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, Gécamines ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, na msemo wa mitaani ulikuwa Gécamines njo baba, njo mama, yaani ndiyo baba, ndiyo mama. Unga ulifika, chaki zilikuwepo shuleni, jeneza lilitolewa na kampuni. Kisha Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka huko Kolwezi, na kila kitu kilichokuwa kimeegemezwa juu yake kikafuata. Miaka michache baadaye uzalishaji haukufika hata tani 50,000. Baba na mama walikuwa mahututi, na watoto wakaanza kutazamana nani mgeni.

Nataka kukaa hapa kidogo, ingawa najua wengi wangependa tupite upesi. Tarehe 15 Agosti 1992 mkutano wa kitaifa huko Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu, mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Gavana wa Katanga wa wakati huo, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, na chama cha UFERI walikuwa wameshahubiri hadharani kwamba Wakasai wamekula jasho la wenyeji. Wakasai walikuwa wakiitwa bilulu, wadudu. Neno hilo likishatamkwa juu ya mtu, nyumba yake huwa tayari imeanza kuungua. Likasi ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuwaka. Vijana walipita mlango kwa mlango wakiuliza babu alitoka wapi, na waliokuwa wakiulizwa walikuwa wajukuu wa watu walioitwa na mawakala wa kampuni, waliozaliwa kwenye wodi ileile na waulizaji, wanaokosea Kiswahili mahali palepale wanapokosea wao. Walikimbilia shule na stesheni. Maelfu kwa maelfu walilala kwenye majukwaa ya reli, chini ya maturubai na magunia, wakisubiri treni zilizokuja kwa kubahatisha. Wengine walisubiri miezi. Njaa na maradhi viliwachukua watoto kwanza. Nyumba iliyojengwa kwa miaka 30 ya zamu iliuzwa kwa bei ya baiskeli au iliachwa wazi, na jirani akaingia. Waliopanda treni walishukia Mwene-Ditu na Kananga, kwenye miji ya Kasai ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona, kwa ndugu waliowajua kwa jina tu.

Ukuni ulio uchagani hucheka ulio motoni. Waliobaki walidhani kazi, nyumba na madaraka vitawatosha. Mwaka 1993 moto ukahamia Kolwezi, na mamia ya maelfu ya watu wakawa wameng'olewa Katanga nzima. Shule zikakosa walimu, karakana zikakosa mafundi, wodi zikakosa wauguzi. Mji ulikuwa umejitoa kiungo chake kwa kisu chake wenyewe. Na miaka ya 2003 na 2004, katika mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walilipwa fedha za mara moja na kuambiwa waende, kuondoka kulikoitwa kwa hiari. Wengi wa wenye mji walioachiwa nafasi mwaka 1992 wakajikuta kibarazani, wakitazama barabara. Aliyefukuzwa kwa sababu ya babu yake na aliyeachishwa kwa sababu ya madeni ya kampuni walikuwa watoto wa hesabu ileile, ile inayouliza mtu ana faida gani mwaka huu.

Nani basi ni mtu wa Likasi? Mimi nina jibu, na nalishikilia. Ni yeyote ambaye mama yake alimzaa hapa au alimzika mtu hapa. Msanga ambaye babu zake walijua mlango wa kila tanuri ni mtu wa Likasi, na haki yake ya kutangulizwa kwa heshima haina mjadala. Hakuna aliyewahi kumwomba radhi kwa mashimo yaliyochimbwa chini ya makaburi yake. Mluba wa Kasai aliyezaliwa Panda ni mtu wa Likasi, hata kama alishukia Mwene-Ditu mwaka 1992 akiwa na sufuria moja. Na kijana aliyefika juzi kwa lori, akalala kwenye banda la wachimbaji akitafuta kobalti kwa koleo, anakaribia kuwa mtu wa Likasi, maana vumbi limeshaanza kumwandika. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na Leuven walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kusini mwa Katanga. Kobalti iliyomo miilini mwao ilikuwa nyingi kupita kiasi, na ya watoto ilizidi ya watu wazima. Vipimo havikuonyesha kabila. Mto unaobeba maji machafu ya viwanda kuelekea Lufira na ziwa Tshangalele hauulizi nani mwenyeji kabla ya kumnywesha.

Siku hizi malori yenye shaba na kobalti yanapita katikati ya mji mchana na usiku, na kila gari lina karatasi inayosema limebeba kilo ngapi. Watu wanatoka tena Kasai, na maneno ya mwaka 1992 yameanza kusikika tena sokoni, kwa sauti ya chini, midomoni mwa vijana ambao hawakuwepo. Hilo linanitisha kuliko bei ya shaba. Serikali nayo inatutafuta kila uchaguzi unapokaribia: tunapanga mstari, tunapigwa picha, tunapewa kadi ya mpiga kura, na kadi hiyo ndiyo imekuwa kitambulisho chetu cha benki, cha polisi na cha kusafiri. Tunahesabiwa kura. Mtoto wa miaka mitano hana kura, kwa hiyo hahesabiwi, na shule yake inajengwa kwa makadirio, dawa yake inaagizwa kwa makadirio. Ukitafuta idadi ya watu wa Likasi utapewa namba kadhaa zinazopishana kwa maelfu kwa maelfu, zote zimekokotolewa kutoka mwaka ambao watu wengi wanaotembea mjini leo hawakuwa wamezaliwa.

Tunaweza kuanza bila kungoja Kinshasa. Parokia na makanisa ya Kimethodisti yana vitabu vya ubatizo na ndoa. Hospitali zilikuwa na daftari za uzazi. Waliolala stesheni mwaka 1992 na 1993 wengi bado wako hai, baadhi wamerudi, wengine wako Mwene-Ditu na Kananga wakiwa na simu mkononi. Wanajua ni nani alifia jukwaani na amezikwa upande gani. Wanahistoria wa vyuo vyetu, walimu wa sekondari, vikundi vya akina mama, kaeni nao, andikeni majina kamili, jina la mama, mtaa, mwaka wa kufika. Ndugu mlioingia kwenye nyumba za watu, semeni mlizikuta na nani.

Na serikali ya Kongo ifanye sensa. Ihesabu wachanga na wazee, wachimbaji na wajane, Kikula, Panda, Shituru na Likasi, nyumba kwa nyumba, na fomu yake isiulize mtu babu yake alitoka wapi. Imepita miaka zaidi ya 40 tangu Julai 1984.